Binti Pardy Anapima Upepo

Kila Jumapili mchana, nyumba ya Selby Pardy hunukia kabichi na nyama ya chumvi. Nyumba yetu na yao ni pua na mdomo, kwa hiyo harufu ile huingia kwangu bila kubisha hodi. Verna, mke wa Selby, hupika chungu kimoja kikubwa. Anatia nyama ya ng'ombe ya chumvi, viazi, karoti na kabichi. Anayepita njiani huitwa ndani ale. Mimi hupita kila Jumapili, wala sioni haya.

Hapa Ghuba la Merritt, katika kisiwa cha Newfoundland, tunaishi kwa kaa. Selby ana boti ya kuvulia kaa. Ameipa jina la mke wake, Verna Mae. Wakati wa msimu hutega madema, mitego ya kaa, mbali sana baharini, mahali ambapo huioni nchi kavu upande wowote. Binti yao, Rona, naye ni mtu wa bahari, ila ya kwake ni meli kubwa. Ni afisa wa pili katika meli ya mizigo iitwayo Basque Trader. Inabeba makontena kutoka Boston hadi bandari ya Argentia, kisha inarudi.

Sisi watu wa huku tuna tabia moja. Hatukuzi mambo. Mtu akivunjika mguu husema umemuuma kidogo. Paa la nyumba likiezuliwa, tunasema kulikuwa na kaupepo. Atakayesema "dhoruba" atachekwa mpaka Krismasi. Selby ndiye mwalimu mkuu wa tabia hiyo. Alimlea Rona kwa maneno yale yale aliyolelewa nayo: debe tupu haliachi kuvuma.

Jumapili moja ya mwezi wa tano nilikuta meza imejaa. Rona alikuwa nyumbani kwa siku chache. Pembeni yake alikaa Mjomba Ches, anayefanya kazi katika boti ya Selby. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko.

"Mjomba, mkono umefanyaje?" nikamuuliza.

"Haukufanya kitu," alisema Ches. "Dema liliuegemea kidogo."

"Kidogo," alisema Verna. "Vidole viwili vimevunjika. Ule, jirani, viazi vinapoa."

Nikaambiwa habari yote. Wiki ile redio ilitangaza upepo wa wastani. Boti zikatoka. Kufika mbali, upepo ukaja mkali kuliko ulivyotangazwa. Wimbi likavunja dirisha la chumba cha usukani. Madema yaliyopangwa nyuma ya boti yakaporomoka, na moja likambana Ches. Walirudi boti ikiwa imejaa maji nusu.

"Hawa watabiri," alisema Selby, akikata nyama yake kwa hasira. "Wanakaa kwenye viti vya kuzunguka. Dirishani wanaona maegesho ya magari. Wanajua nini kuhusu bahari?"

"Sisi pia tulikuwa huko siku hiyo, Baba," alisema Rona. "Kusini mwenu kidogo."

"Ikawaje?"

"Kaupepo tu."

Selby alicheka akampiga begani. "Mmemsikia? Huyo ndiye Pardy."

Rona alitabasamu. Hakujua bado anatabasamia nini.

Kesho yake alirudi Argentia, kwenye meli. Asubuhi hiyo hiyo alifika mgeni melini akiwa amebeba sanduku kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Alikuwa Bwana Furlong, afisa wa hali ya hewa wa bandarini. Kazi yake ni kuzungukia meli za mizigo, kukagua vipimo vyao na kuwafundisha mabaharia namna ya kupima.

"Upo?" alisalimu.

"Nipo," alijibu Rona. "Karibu. Chai?"

"Chai siikatai."

Ndani ya sanduku mlikuwa na barometa, kipimo cha mgandamizo wa hewa. Furlong aliiweka karibu na ile ya meli akalinganisha. Zilikubaliana. Akakagua kipimajoto, akaandika.

"Vipimo vyako ni safi," alisema. "Sasa tuzungumze juu ya macho yako."

"Macho yangu yana nini?"

"Unajua ripoti zako zinakwenda wapi?"

"Kwenye setilaiti."

"Halafu?"

Rona alimmiminia chai. Kila baada ya saa sita, yeye au mwenzake aliyekuwa zamu alipima hewa, joto la maji, upepo na mawimbi, akatuma. Kampuni ilikuwa imekubali kufanya hivyo kwa hiari, bila malipo. Kwa Rona ilikuwa kazi ndogo ya pembeni, baada ya kazi halisi ya kuendesha meli.

Furlong alivuta kiti. "Sikiliza, mwanangu. Nchi kavu kuna vituo vya hali ya hewa kila upande. Baharini hakuna anayeishi. Kuna maboya machache tu ya kupimia. Setilaiti inaona mawingu kutoka juu, lakini mgandamizo wa hewa pale chini, usoni pa maji, haiupimi vizuri. Nani yuko pale chini kila siku?"

"Meli."

"Meli za mizigo. Zinapita na mambo yake, zimebeba viatu na friji. Kwa hiyo tunaziomba: mkipita, tuambieni mnaona nini. Ripoti yako inawafikia watabiri baada ya dakika chache. Si wa hapa tu. Ulaya wanaisoma, Afrika wanaisoma. Inaingia kwenye kompyuta, na kompyuta inakadiria hali ya kesho kwa kuanzia na ya leo. Ya leo ikikosewa, na ya kesho itakosewa."

"Nimekuelewa."

"Haya. Wiki iliyopita, ile siku ya upepo. Barometa yako inasema hewa ilishuka sana. Joto lako sawa, mahali ulipo sawa. Lakini kwenye upepo umeandika ngazi ya tano." Ngazi za upepo huanza sifuri, bahari ikiwa kama kioo, na huishia kumi na mbili, kimbunga. "Rona, ulikuwa wa tano kweli?"

"Ulikuwa..." Rona aliangalia kikombe chake. "Ulikuwa kaupepo."

Furlong alicheka, kwa sababu naye ni mtu wa huku. Halafu akaacha kucheka. Akafungua kitabu cha picha. Kila picha ilionyesha bahari katika ngazi moja ya upepo.

"Usiniambie ulivyojisikia. Nionyeshe ulichokiona."

Rona alipekua. Akapita ya tano, yenye vichwa vyeupe vya mawimbi huku na huku. Akapita ya sita. Akapita ya saba. Kidole chake kikasimama kwenye picha ambayo povu limejipanga mistari mirefu kufuata upepo, na ncha za mawimbi zimeanza kupeperushwa.

"Hii," alisema polepole.

"Hiyo ni ya nane."

"Najua."

"Meli yako ilikuwa peke yake upande ule. Sisemi utabiri uliharibika kwa ajili yako tu. Kulikuwa na mengine. Lakini mtabiri alikuwa anajiuliza: huu mgandamizo unashuka, mbona upepo hauongezeki? Akakuamini wewe. Ukipunguza, mwanangu, kompyuta haijui kwamba wewe ni mtu wa Newfoundland."

Rona alikuwa anafikiria bandeji ya Mjomba Ches.

Furlong akamfundisha upya. Tazama maji kwanza, ndipo utazame kipimo cha juu ya mlingoti, kwa sababu meli ikienda mbio nayo inajitengenezea upepo wake, na lazima uutoe huo. Linganisha na picha. Andika unachokiona, hata kama ni shwari. Shwari nayo ni habari. Na barometa ikishuka kwa haraka, usingoje saa sita ziishe. Tuma tena.

Jioni Rona alipata ruhusa ya saa chache. Aliendesha gari mpaka kwao bila kusimama. Nilikuwa jikoni kwa Verna, tukimenya viazi, na Selby amekaa dirishani, alipoingia. Hakuvua hata koti.

"Baba, ule utabiri mbaya ulitoka kwangu."

"Unasema nini wewe?"

Akaeleza yote, amesimama. Ripoti, ngazi ya tano, kitabu cha picha. Akamalizia, "Niliandika kama ulivyonifundisha kusema. Mkaenda. Mngekufa."

Verna aliweka kisu mezani. Selby aligeukia dirisha. Mimi nilimenya kiazi kilichokwisha kumenywa.

"Nilikuwa nikikufundisha usijisifu," Selby alisema. "Sikukufundisha uongo."

"Ndiyo yamekuwa hayo hayo, Baba."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema Verna, na alikuwa akimtazama mumewe, si Rona. "Wewe mwenyewe, Selby. Uliporudi na boti imejaa maji, uliniambia mmelowana kidogo."

Selby alijikuna shingo. Aliona aibu, na kwa Selby aibu huonekana masikioni. "Basi mwanangu," alisema, "hapa jikoni tutaendelea na kaupepo ketu. Lakini kwenye hiyo ripoti, wewe sema kweli. Mwambie kila mtu. Mimi nitasikiliza."

Ni rahisi kuahidi hivyo jikoni, ukiwa umeshiba.

Mwezi uliofuata ahadi ilijaribiwa. Msimu wa kaa ulikuwa unakaribia kufungwa. Madema ya boti zote za Ghuba la Merritt yalikuwa bado baharini, na kaa ndani yake. Utabiri wa jana yake ulikuwa umesema kuna hewa mbaya lakini itapita kusini, mbali. Asubuhi ilipambazuka nzuri ajabu. Jua lilikuwa linawaka. Maji ya bandari yalitulia hata ungeweza kujitazama uso. Injini zilikuwa zinanguruma gatini. Watu walikuwa wanapakia barafu na chambo.

Kusini kule, Rona alikuwa kwenye chumba cha usukani cha Basque Trader, ameshika meza ili asianguke. Haya alinisimulia baadaye. Barometa ilikuwa inashuka kuliko alivyowahi kuona. Upepo ulikuwa unapiga yowe. Bahari ilikuwa imegeuka nyeupe, na vilele vya mawimbi vilikuwa vinapinduka. Alifungua kitabu cha picha. Akatazama nje. Akatazama kitabu tena. Akaandika kumi.

Kapteni Osmond, mzee wa pwani hii hii, alisoma juu ya bega lake.

"Kumi? Binti, unataka watabiri wa Halifax watucheke?"

"Wacheke, Kapteni."

"Tungeandika saba, basi. Saba si haba."

Rona alimpa kitabu. "Nionyeshe saba iko wapi hapo nje."

Kapteni alitazama picha. Akatazama dirishani. Meli ikalala upande, kontena moja likagonga jingine kwa kishindo, na kahawa yake ikamwagika.

"Tuma," alisema. "Na baada ya saa moja tuma tena."

Huku kwetu, redio ya gatini ilikatiza muziki. Msomaji alisema utabiri umebadilishwa. Hewa mbaya haipiti kusini. Inakuja kaskazini, na ina nguvu kuliko ilivyodhaniwa. Meli moja iliyo kusini imeripoti upepo wa ngazi ya kumi. Onyo la dhoruba kuanzia mchana. Boti zisitoke.

Watu walitazama mbingu. Haikuwa na hata kijiwingu.

"Dhoruba, eti," alisema Garland, mwenye boti ya jirani. "Nimepigwa na jua hapa mpaka pua inababuka."

"Viti vya kuzunguka hivyo," alisema mwingine, na watu wakacheka. Maneno hayo waliyachukua kwa Selby mwenyewe.

Selby alikuwa ameshafungua kamba ya mbele. Verna alitoka mbio nyumbani akiwa na viatu vya ndani, simu mkononi. Kila siku hufuatilia meli ya Rona kwenye ramani ya simu. Meli huonekana kama kamshale kadogo.

"Selby, tazama. Hiyo meli waliyoisema, hapo kusini hakuna nyingine. Ni hii tu."

Selby alitazama kale kamshale. Alibaki ameshika kamba. Mimi nilikuwa karibu, niliona uso wake. Aliogopa, na hakuficha. Mtoto wake alikuwa ndani ya upepo wa ngazi ya kumi, na yeye hana la kumfanyia.

Ndipo akafanya lile aliloliweza. Alizima injini. Akaifunga tena kamba.

"We Selby, umezeeka?" Garland aliita. "Madema yako nani atayavuta, padri?"

"Yatakaa."

"Kwa sababu ya redio?"

"Kwa sababu ya Rona," alisema Selby, na alisema kwa sauti ambayo gati zima lilisikia. "Hiyo meli ni ya binti yangu. Amesimama ndani ya upepo huo sasa hivi, na ameandika kumi. Wewe unamjua. Umewahi kumsikia mtoto wa Pardy akikuza jambo?"

Hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alijua hesabu hiyo: Pardy akisema kumi, si chini ya kumi. Mjomba Ches alikuwa wa kwanza kushuka botini, mkono ukiwa bado na bandeji. Garland alisonya, akatembea mpaka mwisho wa gati, akarudi, akazima injini yake. Baada yake zikazimwa zote.

Kabla ya chakula cha mchana mawingu yalifika. Kufikia saa tisa usingeweza kusimama nje. Mawimbi yaliruka ukuta wa bandari yakaanguka juu ya gati. Banda la chambo liliondoka na upepo, hatujaliona mpaka leo. Boti ziligongana na kukwaruzana, lakini zilikuwa zimefungwa, na waliokuwa wanazifunga upya kamba walikuwa watu wazima na wazima wa afya, wanatukana upepo kwa nafasi. Kule nje ambako tungekuwa, boti zetu zisingerudi. Nasema bila kupunguza.

Jikoni kwa Verna tulikaa tunatazama simu. Kamshale kalikuwa kanasogea polepole sana. Hakuna aliyesema ni kaupepo.

Kuna mengi yaliyofuata. Bwana Furlong alikuja Ghuba la Merritt, akazungumza na wavuvi ukumbini, akaonyesha kile kitabu cha picha. Sasa Verna Mae nayo ina barometa, na Selby hutuma ripoti akiwa baharini, sawa na meli kubwa. Garland naye ameomba ya kwake, ingawa anasema ni ya kupamba tu. Na kila msimu unapoanza, mtu huuliza kwanza meli zilizo nje zinasema nini, ndipo awashe injini. Lakini nataka nimalizie gatini Argentia, kwa sababu nilikuwepo.

Basque Trader ilichelewa siku nzima. Ilipoingia, makontena ya mbele yalikuwa yamebonyea, na chumvi ilikuwa imekauka mpaka kwenye madirisha ya juu. Selby alikuwa amenyoa ndevu, amevaa koti la kanisani. Miaka yote ambayo Rona alikuwa baharini, hakuwahi kwenda kumpokea. Alikuwa akisema mtu akitoka kazini hapokewi kama bibi harusi.

Rona alishuka ngazi. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alimkumbatia mama yake. Halafu akasimama mbele ya baba yake, hajui afanye nini.

"Boti zote?" aliuliza.

"Zote ziko nyumbani. Watu wote."

"Mjomba Ches?"

"Anakula tangu jana."

Selby alivua kofia. Alimpa Rona mkono, kama mabaharia wazee wanavyopeana, kwa nguvu na kwa muda mrefu.

"Pole kwa safari, Nahodha," alisema.

"Mimi ni afisa wa pili, Baba. Nahodha yuko juu."

"Huyo wa juu ni nahodha wa meli," alisema Selby, na hakuuachia mkono. "Mimi nasema na aliyetubakisha nyumbani. Najivunia wewe, mwanangu. Nilitaka uyasikie kutoka mdomoni mwangu, na watu wakiwapo."

Tulikuwapo. Tulisikia.